Kazi za nyumba jioni: hamu ya kuanza mnaitoa wapi?

Fundi wa Kiyembe

Assalam alaikum ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani, nashona Kiyembe hapa Kampala, nakaa Bwaise. Nimezaliwa Bombo, kwa Wanubi, na usafi nimelelewa nao. Kwetu ua unafagiliwa kabla jua halijachomoza, na mgeni akiingia anakuta mkeka umekung'utwa. Sasa nina nyumba yangu, chumba na sebule, na watoto wawili, wa P5 na wa P2, yaani darasa la tano na la pili. Mume wangu ni dereva wa lori. Anachukua mzigo Malaba anaupeleka Elegu, mpakani na Sudan Kusini, mara nyingine anavuka hadi Juba, kwa hiyo nyumbani anapita tu.

Cherehani naifunika saa kumi na mbili jioni. Foleni ikiwa mbaya nafika Bwaise giza limeshaingia. Nakuta vyombo vya asubuhi ndani ya beseni, mafuta yameganda juu. Soksi za shule ziko chini ya kiti. Jerikani zote tupu, na kwenye bomba la pamoja kuna mstari. Hapo ndipo mwili unakataa. La kufanya nalijua vizuri kabisa, ila nakaa na mtandio wangu kichwani, natazama yale masufuria, saa inakwenda. Jumamosi nikiamka na nguvu naosha kila kitu mpaka madirisha, na moyo unatulia. Ikifika Jumanne nyumba imerudi ilivyokuwa.

Linaloniuma ni binti yangu mkubwa. Siku hizi ananiuliza, "Mama, leo umechoka?" hata viatu sijavua. Sitaki akue akidhani nyumbani ni mahali pa kurudi umechoka, basi. Nawaomba nyie mnaoshinda kazini na nyumba zenu zinakwenda: ile hamu ya kuanza mnaitoa wapi kila jioni? Dada wa kazi siwezi kumlipa kwa sasa.

Mwalimu wa Arua

Pole sana dada. Mimi nafundisha shule ya msingi huku Arua na nyumba iko mikononi mwangu peke yangu. Nikifika sikai kabla sijawasha sigiri. Makaa yakishika naweka maji, na wakati nayangoja yachemke ndipo naosha vyombo. Hiyo hamu mimi huwa sinayo nikianza. Huwa naisikia vyombo vikifika nusu.

Bibi wa Bombo

Wa alaikum salaam mwanangu. Nimekusoma mara mbili, kwa sababu nawe ni wa kwetu.

Kazi za nyumba hazina uzito mmoja. Iko inayongoja na iko isiyongoja. Wewe ukifungua mlango unaziona zote zimekusimamia kwa pamoja, ndiyo maana mwili unakataa, na hata mimi ungekataa. Madirisha yanangoja. Mapazia yanangoja, na kukunja nguo kabatini pia. Hizo ziachie Jumamosi na usizitazame siku nyingine.

Maji ya kunywa hayangoji, hasa Bwaise, mnakofurikiwa mvua ikipiga. Lakini usichome makaa bure. Watu wanaacha maji yatokote mpaka sufuria linapungua. Kwa huku kwetu, yakishachemka kwa mapovu makubwa, dakika 1 inatosha. Epua, funika na kifuniko safi, yapoe humo humo. Maharagwe nayo yaloweke usiku, asubuhi mwaga yale maji, na jioni utaona yanaiva upesi kuliko makavu.

Mabaki ya chakula hayangoji. Ukiwa hoi kabisa, yakusanye tu uyatoe nje, vyombo uvimwagie maji yenye sabuni, ukalale. Panya hafuati sufuria lililolowekwa, anafuata posho iliyobaki.

Na nguo mbichi, hapo ndipo nakuomba unisikilize. Usianike kwenye majani, na kamba ikiwa nje usiache nguo zilale humo zina unyevu. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi. Mtoto akiivaa, funza anaingia chini ya ngozi, linavimba jipu lenye tundu katikati, na mtoto halali kwa maumivu. Nimewauguza wengi hapa Bombo. Joto la pasi linayaua mayai hayo. Kwa hiyo mwenye nguvu kidogo apige pasi nguo za ndani, shuka na yunifomu, na gauni la kutokea aliache. Mimi nikiikumbuka ngozi ya mjukuu wangu, pasi naishika hata nikiwa nasinzia. Hamu wala siiulizi.

Halafu huyo binti wa P5 ni mkubwa. Soksi zake na za mdogo wake azifue mwenyewe akitoka shule, jua bado lipo. Wa P2 apange viatu. Wewe mwenyewe ulianza lini kufagia ua? Wasikungoje mpaka usiku.

Dereva wa Tororo

Shemeji, mimi niko barabara hiyohiyo ya mumeo. Pale Elegu tukingoja karatasi za mzigo, madereva tunapika wenyewe kando ya tairi, tunaosha masufuria, tunafua, tunaanika kwenye kioo cha lori. Mwanamume anayeyafanya hayo Elegu anayaweza na Bwaise. Mwambie kwa upole, ila mwambie. Mimi nikifika Tororo siku ya kwanza nalala. Kesho yake maji na kufua ni vyangu, mke wangu hashiki jerikani. Tulinunua pipa la lita 100 lenye mfuniko, linameza jerikani 5, na sirudi barabarani kabla sijalijaza. Ule mstari wa bomba usiku ndio unaokumaliza, naona, kuliko hata vyombo.

Fundi wa Kiyembe

Nimewasoma wote, na shemeji umenigusa. Mume wangu anapika vizuri, sema sisi wawili hatujawahi kulizungumza hili. Akipiga simu leo nitaanzia kwenye pipa. Soksi nimeshamkabidhi binti, na amekubali kwa sharti kwamba sabuni ya mche iwe yake peke yake, aifiche anapotaka. Nimempa.

Bibi, shikamoo. Nina maswali mawili. Pipa likikaa na maji ndani ya nyumba halitaleta mbu? Na sare za shule zina pindo nene, pasi yangu ni ya makaa: nipige mpaka wapi?

Bibi wa Bombo

Marahaba mwanangu. Mfuniko ubane, usiache hata upenyo, na uchote kwa kopo lenye mkono. Kila wiki likikaribia kwisha mwaga yaliyobaki, sugua kuta zake za ndani kwa brashi ndipo ujaze tena, maana wako mbu ambao mayai yao yanagandia ukutani hata maji yakitoka. Akishataga, mbu huhitaji kama wiki moja au zaidi mpaka watoto wake waruke, kwa hiyo usipitishe wiki.

Pasi ya makaa inafaa. Ipepee nje kwanza majivu yatoke. Geuza nguo, uanze upande wa ndani, na tulia kwenye kiuno cha kaptula, kwapa na pindo zote zinazokawia kukauka. Sehemu nyembamba pitisha tu.