Mchicha unachanua ukiwa mfupi, matembele magumu: nakosea wapi?

Kiwanja_Kidogo (Mbagala)
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa bustani ya uani. Eneo ni mita 2 kwa 3, udongo wa kichanga, jua linapiga kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Ninachotaka ni mboga inayochumwa jioni na kuingia sufuriani papo hapo.

Mchicha: pakiti nzima ya mbegu kwenye mita mraba 2. Uliota wote, ila wiki ya nne una urefu wa kiganja, shina kama uzi, na tayari una maua. Matembele yametambaa lakini majani ni magumu hata yakipikwa. Mgagani siku ya 12 leo, hakuna kilichoota. Samadi ni ya ng'ombe, ilitoka zizini wiki ileile ya kupanda. Nianzie wapi?

Mzee_wa_Tuta
Karibu mkuu. Mchicha wako umebanana na una njaa. Mmea wa mchicha ukipata shida yoyote, iwe kiu, njaa au kukosa nafasi, unakimbilia kuzaa mbegu kabla haujafa.

Mita mraba 2 zinahitaji nusu kijiko cha chai cha mbegu, basi. Changanya na bakuli la mchanga mkavu ili mkono usimwage rundo sehemu moja. Chora vifereji vya kina cha nusu sentimita, sentimita 15 kutoka kimoja hadi kingine, mwaga, funika kwa udongo laini, tandaza nyasi kavu juu. Siku ya 3 hadi ya 5 ukiona vichwa, ondoa nyasi jioni. Ukichelewa, miche inarefuka gizani na kulala.

Wiki ya pili punguza, uache sentimita 5 kati ya mche na mche. Hiyo miche unayong'oa usiitupe, ndiyo mboga laini kuliko zote utakazokula msimu huo. Wiki ya nne using'oe tena. Kata shina, uache kama sentimita 10 na majani mawili matatu chini. Hapo machipukizi ya pembeni yanatoka, unakata tena baada ya siku 10 hivi. Kikonyo cha ua kikionekana, kivunje siku hiyohiyo.

Samadi mbichi ni kosa la pili. Ikiozea shambani hutoa joto na kuunguza mizizi, na inaleta magugu. Irundike kivulini, iwe na unyevu, igeuze kila wiki mbili, iache miezi 3. Ikiwa tayari haina harufu ya zizi na inavunjikavunjika mkononi. Weka ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita mraba, ichanganye na udongo wa juu. Ya kuku ni kali, robo ya ndoo inatosha, nayo iwe imeoza.

Pingili
Matembele ni magumu kwa sababu hayakatwi. Yakiachwa yatambae, nguvu inaenda kwenye kamba na viazi. Fyeka yote, anza upya na vipande vya ncha, sentimita 25 hivi, fukia mapingili mawili, nafasi ya sentimita 20. Baada ya wiki 5 anza kukata ncha za urefu wa kiganja, kila baada ya siku 10 hadi 14. Jani la kula ni lile ambalo kikonyo chake kinavunjika kwa sauti. Kikijipinda bila kuvunjika, limeshakomaa.

Mgagani unapenda giza unapoota, na mbegu iliyovunwa juzi huwa imelala. Tumia mbegu iliyokaa kavu miezi 3 au zaidi, fukia sentimita 1, wala usiupandikize, mzizi wake mkuu ukikatika unadumaa.

GuniaNairobi
Hapo pembeni mwa ukuta weka gunia, ndugu. Chukua la kilo 90. Simamisha kopo lisilo na kitako katikati, lijaze kokoto, zungushia mchanganyiko wa udongo debe 3 na mbolea iliyooza debe 1, kisha vuta kopo juu na ujaze tena hadi ufike kileleni. Ile nguzo ya kokoto ndiyo inayopeleka maji chini. Watu wengi huiruka, halafu juu panaoza na chini pamekauka. Toboa pembeni kila sentimita 20 kwa mpangilio wa pembetatu, upandikize sukuma wiki yenye majani manne. Chuma majani ya chini, uache 5 au 6 ya juu.

Bi_Mwarobaini
Kwa maji ya chumvi, ongeza spinachi, yenye bua nene jeupe. Inavumilia chumvi kuliko sukuma. Mwagilia kwa wingi, maji yapenye chini, kwani kunyunyiza kidogokidogo kunaacha chumvi juu. Elekeza maji kwenye udongo, si kwenye majani.

Vidukari wakija, saga mbegu kavu za mwarobaini, gramu 50 kwa lita 1, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, weka tone la sabuni, pulizia chini ya majani jioni. Jua linaua nguvu yake, ndiyo maana si asubuhi.

Kiwanja_Kidogo
Shukrani sana wote. Moja la jikoni: mchicha wa nazi, tui linakatika kila mara na mboga inageuka rangi ya kahawia.

Shangazi_Tanga
Mwanangu, osha mchicha kabla ya kukata, maji matatu, maana kichanga hukaa kwenye kikonyo. Kaanga kitunguu na nyanya hadi nyanya iive kabisa, mimina tui jepesi, likichemka tia mchicha, usifunike. Dakika 5 zinatosha kwa uliokatwa jioni ile, wa sokoni unataka zaidi. Kufunika na kupika sana ndiko kunakotoa ile kahawia. Tui zito linakuja mwisho, moto mdogo, koroga bila kuacha hadi lichemke mara moja, kisha epua. Chumvi baada ya hapo, na ndimu mezani, kamwe si sufuriani.

Mgagani ukiota, chemsha, mwaga maji ya kwanza ya uchungu, kisha upike kwa maziwa badala ya nazi. Wakalenjin huuita saget, Wakisii chinsaga, na kwa ugali wa moto unashinda nyama.

Pingili
Na vunja maua yake kila unapochuma, Shangazi asije akasubiri.