Gari lisilo na saiti mira: turuhusu kamera au tubaki na vioo?

Mpenda Mwendo (mtoa mada)
Wakuu, salaam. Karibu mwezi mzima nachungulia minada ya magari ya Japani, nikakutana na Lexus ES 300h isiyo na saiti mira kabisa. Mahali pa vioo kuna vijikono viwili vyembamba vyenye kamera, na ndani kuna skrini mbili za inchi 5 zimepachikwa kwenye nguzo za kioo cha mbele. Nikafuatilia. Kumbe Japani waliruhusu hii kitu tangu 2016, Lexus wakawa wa kwanza kuiweka kwenye gari linalozalishwa kwa wingi Oktoba 2018, halafu Audi wakaja na e-tron yao. Upinzani wa upepo unapungua, mafuta yanapungua, kelele za upepo dirishani zinapungua, na usiku taa za anayekufuata hazikuchomi macho.

Swali langu: yakianza kumiminika bandarini kwetu, serikali iyaruhusu yalivyo au iseme kila gari lazima liwe na kioo? Mimi nasema turuhusu. Tumechelewa kwa kila kitu, na hili pia? Nawasilisha.

Chumvi Kali
Mbezi hadi Posta umekaa saa mbili kwenye foleni. Upepo gani unaoupunguza, wa feni?

Mpenda Mwendo
Wapo watu wanasafiri, mkuu, si wote tunazunguka Posta. Kwenye gari lao la umeme, Honda e, walitoa vioo wakaweka kamera, upinzani wa upepo ukapungua kwa asilimia 90. TISINI.

Mwalimu Mkunazini
Mtoa mada, hiyo 90 umeiokota njiani ikiwa nusu. Honda walisema 90 ya upepo unaosababishwa na vioo vyenyewe. Kwa gari zima ilikuwa kama 3.8. Hao Audi wako nao, kwenye kipimo cha upinzani wa upepo, walitoka 0.28 wakafika 0.27, basi.

Sasa tupige hesabu ya darasa la saba. Dar hadi Mbeya ni kama kilomita 830. Gari lako linakwenda kilomita 12 kwa lita, kwa hiyo unachoma kama lita 69. Ukipunguza upepo kwa asilimia 3.6 kama hao Audi, na tuseme upepo unakula nusu ya kazi ya injini barabara kuu, umeokoa asilimia 1.8. Hiyo ni lita moja na robo. Weka lita shilingi 3,000: umeokoa 3,700 na kitu. Ukifika Ruaha Mbuyuni umeshaimalizia kwenye vitunguu.

Na mjini huokoi hata hiyo, maana nguvu ya upepo inakwenda kwa mraba wa kasi. Ukitoka 40 kwenda 80 haijawa mara mbili, imekuwa mara nne. Ukishuka ndiyo hivyohivyo kurudi chini. Mwenye uchungu na upepo ashushe kwanza ile keria iliyo juu ya Noah yake, ambayo mara ya mwisho ilibeba godoro la msiba 2019.

Mpenda Mwendo
Mwalimu, keria yangu imekukosea nini? Umejuaje nina Noah?

Mwalimu Mkunazini
Sikujua. Sasa najua.

Wa Ruiru
Watanzania mnapenda hesabu. Tesla si wana kamera na hawana vioo? Na wanakimbia vizuri tu.

Mwalimu Mkunazini
Jirani, Tesla zina vioo. Waliomba wenyewe kule Marekani 2014, wao pamoja na watengenezaji wengine, waruhusiwe kamera peke yake. Hadi leo sheria ya kule inadai vioo. Picha ulizoona zilikuwa za gari la maonyesho.

Mzee wa Tunduma
Vijana, habari za saa hizi. Nimevuta semi miaka 27, mingi kati ya Dar na mpaka wa Zambia. Mwaka jana bosi mmoja alinipa lori jipya la kamera, nikaenda nalo safari tatu. Kwa lori hesabu ya mafuta si ya vitunguu. Wenye Mercedes Actros, ambao walianza mambo haya 2018, wanasema asilimia 1 na nusu, na anayejaza lita 800 anajua maana yake. Usiku na mvua pale Kitonga niliona nyuma vizuri kuliko kioo chochote nilichowahi kutumia. Hapo sina ubishi.

Shida yangu ni macho. Kwenye kioo jicho linaangalia mbali zaidi, kwa sababu taswira unayoitazama inakaa nyuma ya kioo, si juu yake. Kwenye skrini jicho linaangalia karibu, pale pale ilipo skrini. Mimi nina miaka 54, meseji nasoma kwa miwani. Nikitoa macho barabarani nikayapeleka kwenye skrini, naona ukungu, nahesabu moja, mbili, ndiyo picha inatulia. Nikivaa miwani ya kusomea, ukungu unahamia barabarani. Na kwenye kioo nikisogeza kichwa mbele kidogo naona zaidi, lakini skrini hata ujipinde kama mnyoo picha ni ileile. Madereva wangapi wa magari makubwa nchi hii wamevuka 45? Anayetaka kuruhusu anijibu hilo kwanza.

Binti Kimara
Shikamoo mzee. Mimi niko na mtoa mada, ila sababu yangu si upepo, ni WIZI. Mwaka huu saiti mira zangu zimeng'olewa mara mbili. Ya mwisho ilikuwa nje ya ukumbi wa harusi, nimeingia kupeleka zawadi tu, natoka naona nyaya zinaning'inia. Kesho yake nikaenda mtaa ule tunaoujua wote. Kijana akaniangalia gari, akasema, "Dada subiri dakika kumi, hiyo ipo." Akarudi na kioo kimefungwa gazeti. Nakifungua, kwenye kona naona namba ya gari langu imechongwa. Ile ile niliyoichonga mwenyewe Januari. Nikatoa 60,000 nikaondoka. Kamera watamuuzia nani?

Chumvi Kali
Ngoja kwanza. Umenunua kioo CHAKO?

Ustaadh wa Sinza
Na kwa 60,000? Mimi changu walinirudishia kwa 40. Umepigwa dada.

Mkweli Daima
Samahani dada yangu, usinichukie, lakini wewe ndiye soko. Watu kama wewe mngegoma siku thelathini tu, ule mtaa ungefungwa. Umekiona kioo, umeiona namba, ukatoa pesa. Hapo na wewe umeshiriki wizi.

Binti Kimara
Nimeshiriki wizi wa mali yangu? Mkweli, unajisikia unapoandika? Gari ninalo mkononi, mtoto yuko shuleni anasubiri, sina kioo cha kulia, trafiki yuko pale taa za Ubungo. Ulitaka nigome nikiwa nimeegesha wapi, kwako?

Mkweli Daima
Ungeenda polisi.

Binti Kimara
Hahahaha. Haya.

Ustaadh wa Sinza
Wenye sheria watusaidie. Kama sikosei kosa ni kupokea mali huku unajua ni ya wizi. Sasa mwenye mali anapokeaje mali yake? Mtu akiniibia kuku halafu akaniuzia mchuzi wake, mimi ni mwizi?

Mkweli Daima
Kuku ameliwa, kioo bado kipo. Huo si mfano.

Wa Ruiru
Huku kwetu tulishaacha kubishana. Ukinunua gari, kabla hujalipeleka nyumbani unapitia kwa fundi anapiga ribiti kwenye kila taa na kila kioo. Gari linakuwa kama sanduku la posta lakini unalala.

Chumvi Kali
Ribiti na aerodainamiki vinaingiliana vipi, Mwalimu? Tupigie hesabu.

Mwalimu Mkunazini
Tafadhali, niacheni na fizikia yangu.

Dereva Tabata
Mnaacha wezi wenyewe mnamsakama dada wa watu. Wanaopitisha mkono kwenye foleni ni hawa bodaboda. Wawili wawili, wa nyuma anang'oa, wa mbele anatia moto. Wote wafungiwe wasiingie mjini.

Boda wa Tegeta
Wote? Mimi niko kijiweni miaka sita, nina leseni, nina kofia mbili ngumu. Jana nimekimbiza mama mjamzito hospitali saa nane usiku, hakulipa, sikudai. Leo mtu yuko kwenye kiyoyozi ananiita mwizi. Mnauliza kwa nini pikipiki zetu hazina vioo? Tunavitoa sisi wenyewe, kwa sababu tukipita katikati yenu vinagonga saiti mira zenu, mnashuka na spana. Nimetoa vyangu kwa ajili ya vyenu. Asante yake ndiyo hii.

Dereva Tabata
Kwa hiyo unaendesha bila kuona nyuma halafu unajisifu.

Boda wa Tegeta
Nageuza shingo. Ninyi mna vioo vitatu na bado mnafungua mlango bila kuangalia.

Konda Mstaafu
Hapo boda kasema kweli. Kwenye daladala niliyofanyia kazi kioo cha kushoto kilikuwa mimi. Naning'inia mlangoni: "Njoo, njoo, kuna boda, kaza, twende!" Miaka minne hatukugusa mtu. Kamera itapiga bati kwa kiganja?

Mpenda Mwendo
Wakuu, turudi kwenye mada. Hoja ya mazoea haina nguvu. Mnakumbuka Datsun za wazee wetu, vioo vimesimama juu ya madigadi kule mbele kama masikio ya sungura? Japani walikuwa wanalazimisha hivyo hadi 1983, ndipo vikaruhusiwa kuhamia mlangoni. Nina hakika wakati huo palikuwa na mzee kama huyu wetu wa Tunduma, anasema vioo vya mlangoni vitaua watu.

Mzee wa Tunduma
Sikusema vitaua watu. Nimeuliza habari ya macho.

Fundi Ngedere
Niongee kama fundi, maana naona mnazunguka. Kioo kikipasuka leo, ukija kwangu bila hela ya kile chenyewe, nachukua kioo cha kawaida, nakata kwa almasi kufuata umbo, nabandika kwa gundi. Elfu kumi na tano, dakika ishirini, umeondoka. Kamera ikiingiza unyevu au waya ukikatwa na panya, nitaleta kompyuta gani? Utasubiri kifaa kitoke Dubai, na muda wote huo upande mmoja huoni kitu.

Mwalimu Mkunazini
Fundi, simama hapo hapo. Kioo cha kawaida kipi? Cha kabati?

Fundi Ngedere
Kioo ni kioo.

Mwalimu Mkunazini
Si kweli, na hili ni kubwa kuliko kamera zote za mtoa mada. Kioo cha pembeni kimebinuka kidogo ili kikuonyeshe eneo pana, ndiyo maana vingine vimeandikwa kuwa vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana. Ukibandika cha kabati, ambacho ni bapa, unaona kipande chembamba tu cha barabara. Boda aliye ubavuni hayumo. Ni Toyota IST ngapi mjini zinatembea na vioo vyako?

Fundi Ngedere
Nyingi. Na hakuna aliyerudi kulalamika.

Boda wa Tegeta
Wanaogongwa ni sisi, nani arudi kwako kulalamika?

Ustaadh wa Sinza
Dah.

Binti Kimara
Fundi, nimetoka kuchungulia cha kwangu cha kushoto, kile walichoiba mara ya kwanza nikawekewa kingine. Naona mlango wangu, naona ukuta wa jirani, basi. Cha kulia nikikitazama naona hadi lango la pili. Miezi mitano naendesha hivi!

Mkweli Daima
Ungekuwa umeenda polisi mara ya kwanza…

Binti Kimara
Mkweli, nitakutafuta.

Chumvi Kali
Mtoa mada, vipi, ile Lexus unachukua?

Mpenda Mwendo
Nimeongea na wakala. Anasema wateja wa huku wakiona haina vioo wanadhani imeshaibiwa. Nasubiri bei ishuke.

Wa Ruiru
Ikishuka nishtue.

Mzee wa Tunduma
Kurasa tatu sasa na suala langu la macho hakuna aliyeligusa. Nawauliza kwa heshima, mtoa mada hasa: dereva wa miaka 54, gizani, mwendo wa 80, anahamisha jicho kutoka mbali kwenda karibu. Mnampa nini?

Ustaadh wa Sinza
Mzee wetu, miwani yako ni namba ngapi? Kuna jamaa anazo za 2.5, fremu ya chuma, elfu nane.

Dereva Tabata
Uliza kwanza kama zimechongwa jina.