Hedhi imekoma, presha imepanda: homoni za kike zilikuwa zinazuia nini?

Mleta mada: Wakuu, naomba ushauri. Mwanamke wa miaka 52, hedhi imekoma miezi 14 sasa. Miaka yote presha yake ilikuwa 110/70 hivi. Vipimo vitatu vya karibuni ni 144/90, 148/92 na 142/88. Uzito haujaongezeka, chumvi ni ileile. Anaambiwa homoni zimeisha, ameze vidonge vya homoni na presha itashuka yenyewe. Kuna ukweli?

Mshipa: Nusu ya kwanza ni kweli, nusu ya pili si kweli. Ukuta wa ndani wa mishipa ya damu una vipokezi (sehemu za kunasa homoni) vya estrojeni, homoni kuu ya kike. Estrojeni ikivigusa, ukuta huo hutengeneza naitriki oksaidi kwa wingi, nayo hulegeza misuli ya mshipa ili damu ipite bila kusukumwa kwa nguvu. Estrojeni pia hupunguza makali ya angiotensini, kemikali inayobana mishipa na kuiamuru figo ishike chumvi, na hutuliza neva zinazoharakisha moyo. Ndiyo maana kabla ya hedhi kukoma wanawake wengi huwa na presha ya chini kuliko wanaume wa rika lao, na baada ya miaka 65 hali hugeuka. Ila umri nao una sehemu yake: mishipa hukakamaa kwa kila mtu, mwenye ovari (vifuko vya mayai vinavyotoa homoni hizi) na asiye nazo.

Figo_na_Chumvi: Naongezea projesteroni, homoni nyingine ya kike, maana husahaulika sana. Kwenye figo hugombea kipokezi kimoja na aldosteroni, homoni inayozuia chumvi isitoke kwenye mkojo. Projesteroni ikikaa pale, chumvi hutoka. Ikiisha, aldosteroni inabaki na uwanja wote.

Kwa hiyo, mleta mada, hilo la "chumvi ni ileile" ndilo linalowadanganya wengi. Kijiko kilichokuwa hakina madhara akiwa na miaka 40 sasa kinapandisha presha, kwa sababu mwili umekuwa mwepesi kuitikia chumvi. Lengo ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, ukihesabu na iliyomo kwenye mkate, supu za pakiti na viungo vya kopo. Aangalie pia dawa za maumivu: ibuprofeni na diklofenaki hushikilia chumvi na maji, na wengi humeza kila siku kwa ajili ya magoti bila kuwaza presha.

Mleta mada: Asanteni. Sasa kama homoni ndizo zilikuwa kinga, kwa nini kuzirudisha isiwe tiba?

Mshipa: Kwa sababu kidonge hakipiti njia ya ovari. Ukimeza, estrojeni hufika kwanza kwenye ini ikiwa nyingi, na ini huongeza malighafi ya angiotensini pamoja na protini za kugandisha damu. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye etinili-estradioli (estrojeni ya kutengenezwa) hupandisha presha kwa baadhi ya wanawake kwa njia hiyohiyo, na mwenye 140/90 kwenda juu kwa kawaida hashauriwi kuvitumia. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, wenye wanawake zaidi ya 16,000, ulisimamishwa mapema: waliomeza estrojeni na projestini (dawa inayofanya kazi kama projesteroni) baada ya hedhi kukoma walipata kiharusi, damu kuganda na saratani ya matiti zaidi ya wenzao.

Homoni zina kazi yake: joto la ghafla na jasho la usiku vikimtesa, azungumze na daktari. Ya kubandika au kupaka kwenye ngozi hukwepa ini na haisumbui presha sana. Mwenye mfuko wa uzazi lazima apewe na projestini, la sivyo ukuta wa mfuko unaweza kuota kupita kiasi hadi kuleta saratani.

Mkanda_Sahihi: Kabla ya yote, vile vipimo vitatu vilichukuliwaje? Apime nyumbani siku 7, asubuhi kabla ya dawa na chai, na jioni. Akojoe kwanza, akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjwa, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda wa kipimo unaofungwa mkononi uwe saizi ya mkono wake. Ukiwa mdogo hutoa namba za juu za uongo. Apime mara mbili kwa kupishana dakika 1, aandike zote, atupe za siku ya kwanza, kisha atafute wastani. Ukifika 135/85 au zaidi, hiyo ni presha, aende na daftari lake kwa daktari.

Amweleze pia kama aliwahi kupata presha ya ujauzito, au kama ovari zilitolewa kabla ya miaka 45. Yote mawili huongeza hatari, na huwa hayaulizwi.

Ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, mdomo kwenda upande au kuona ukungu, asisubiri siku 7. Hospitali saa hiyohiyo.