Tufunge mikanda, tufunge mikanda! Mbona mkanda ni wa mnyonge tu kila siku?

Wakuu, leo nimeamka na hasira, mnivumilie.

Serikali yoyote ikiishiwa, wimbo ni ule ule: tufunge mikanda. Haya, tufunge. Ila msafara wa waziri haupungui hata gari moja. Anayepunguziwa ni mlemavu, mjane, mzee anayeishi kwa dawa. Na kwenye kitabu cha bajeti hutakuta pameandikwa "tumewanyima wajane". Utakuta "uhakiki wa wanufaika". Utakuta "maboresho ya mfumo". Ukiona neno maboresho karibu na jina la maskini, ujue kuna kitu kimeshanyofolewa.

Hilo bado si linalonichoma. Linalonichoma ni kwamba wakishakukata posho, wanakata na mlango wa kwenda kulalamika.

Tazameni Uingereza, hao wanaotufundisha utawala bora. Aprili 2013 waliondoa msaada wa kisheria kwenye kesi nyingi za mafao na makazi. Julai mwaka huo huo wakaweka ada kwenye mabaraza ya kazi. Umefukuzwa kwa uonevu, mshahara huna, unaambiwa ulete hadi pauni 1,200 ndipo usikilizwe! Kesi zikaporomoka. Chama cha wafanyakazi cha UNISON kikapambana mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2017 ada zile zikatamkwa kuwa ni kinyume cha sheria. Waliokuwa wamelipa wakaruhusiwa kudai hela zao. Je, yule ambaye hakufungua kesi kabisa kwa kukosa hiyo ada? Hana risiti. Hana cha kudai.

Halafu mtu anasimama bungeni anasema malalamiko yamepungua. Yamepungua au mmeyafungia nje?

Australia nako wakaachia kompyuta kazi ya kusaka "madeni" kwa waliopokea mafao. Inachukua kipato chako cha mwaka, inakigawa sawasawa kwa kila wiki mbili, kana kwamba kibarua hulipwa mwaka mzima. Umefanya kazi miezi mitatu, mingine umekaa bure ukila mafao yako halali, mashine inakuona mwizi. Na wewe ndiye utafute hati za mishahara ya miaka iliyopita kuthibitisha kuwa hudaiwi. Tume ya uchunguzi ikaja kusema mwaka 2023 kwamba mpango ule ulikuwa katili na haukuwa halali. Kuna familia ambazo zilikuwa zimeshazika.

Uholanzi ndiyo usiseme. Wazazi kwa maelfu waliitwa matapeli wa ruzuku ya malezi ya watoto, wengine wakatakiwa kurudisha makumi ya maelfu ya yuro kwa kosa dogo kama saini iliyosahaulika. Wenye asili ya kigeni walimulikwa zaidi. Januari 2021 serikali ya waziri mkuu Mark Rutte ikajiuzulu, watu tukapiga makofi. Machi, uchaguzi: chama chake kikaongoza tena, naye akarudi kwenye kiti. Sasa ninyi mnaoniambia "dawa ni kura", nielezeni hapo dawa ilifanya kazi gani.

Kura ni mara moja kwa miaka minne au mitano, na mnyonge anaumia Jumatatu hii. Kati ya kura na kura anachokuwa nacho ni rufaa, wakili wa bure, mkaguzi wa hesabu, mwandishi wa habari mkorofi. Hivyo ndivyo vinavyopunguziwa fungu bila kelele, kwa sababu hakuna atakayeandamana kutetea dawati la rufaa.

Najua wapo watakaokuja na "nchi haina hela". Karibuni sana. Ila njooni na kitabu cha bajeti mkononi, tufungue pamoja fungu la safari na posho za vikao, kisha mnionyeshe ni mstari upi humo umefungwa mkanda.