Kiungo cha kona kinaangusha behewa: reli ya kupinda naiungaje?

Baba Nasra (Tabata)
Wakuu, habari za jioni. Nina treni ndogo ya umeme (si ya mtoto, ni yangu) juu ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8, chumba cha nje. Reli ni zile ndefu za kupinda kwa mkono, upana kati ya vyuma viwili milimita 16.5, urefu wa kipande kimoja milimita 914. Shemeji alinibebea 8 kutoka Uingereza. Kariakoo nimezunguka sikuona, kwa hiyo nikiharibu ndiyo basi tena.

Shida ni kona ya dirishani. Kutoka kitovu hadi reli ni sentimita 50, kipande kimoja hakitoshi, nikaunga viwili katikati ya kona. Cha kwanza nilikipinda nikakipigilia, ndipo nikaja na cha pili. Pale vinapokutana pametoka kiwiko. Ukiinama jicho likawa usawa wa meza unakiona kabisa: ncha zinataka kurudi kunyooka, zinasukumana kwenda nje. Kichwa cha treni kinapita, behewa la kwanza linapita, la pili linapita, la tatu linaacha njia. Nimeyabadilisha nafasi, bado ni la tatu!

Halafu nikipinda, reli ya ndani inachomoza mbele ya mwenzake karibu sentimita 3. Nimebebewa mbovu?

Fundi Redio
Si mbovu, mkuu. Ndani ya kona njia ni fupi kuliko nje, na reli zote mbili zina urefu mmoja. Ya ndani lazima ibaki na ziada. Unaikata.

Kosa lako ni kupinda kwanza. Ng'oa vyote viwili, vilaze vimenyooka mezani, viunge, tia risasi ya kulehemu viungo vyote viwili, viache vipoe, ndipo upinde kama kitu kimoja. Kabla ya hapo chomoa taruma (yale ya kukingama chini ya reli) moja au mawili kwenye kila ncha, kiungo kipate pa kukaa. Mwishoni utayachonga uyasukume chini ya reli. Yale ya jirani yafunike kwa tishu iliyolowa, ni plastiki hiyo. Na chuma cha kulehemu kiwe na moto wa kutosha: gusa, risasi ikitiririka, toa. Kinachoyeyusha mataruma mara nyingi ni chuma chenye moto mdogo, mtu anakigandisha palepale nusu dakika.

Ukizungusha nusu duara, ziada yote itatokea ncha ya mwisho, kama sentimita 5. Kata, kisha piga tupa ndogo mpaka ukipitisha ukucha usikwame. Vaa miwani, kile kipande kinaruka.

Mjomba wa Gerezani
Niongeze moja: usilehemu meza nzima. Kona lehemu, ila sehemu zilizonyooka acha mwanya mdogo kwenye viungo, unene wa kadi ya vocha. Watu husingizia joto, lakini reli ya mita moja ikipanda nyuzi 10 hairefuki hata robo milimita. Mchawi ni mbao. Masika plaiwudi inakunywa unyevu inavimba, kiangazi inajirudi. Ipake rangi juu, chini na kwenye kingo. Kingo ndizo watu husahau.

Unajenga reli gani, kwani?

Baba Nasra (Tabata)
Mjomba, TAZARA, ile ya kwenda Zambia. Nimekua nikiyasikia yale mabehewa usiku.

Fundi, nimefanya jana. Taruma moja limeyeyuka (tishu ilikauka nikiwa napokea simu), lakini kiwiko hakipo. Mizunguko 20, la tatu limetulia. Mama Nasra kahesabu mwenyewe.

Mjomba wa Gerezani
Hongera. Sasa mabehewa umeyajenga kwa kipimo gani?

Baba Nasra (Tabata)
1:87, kama kichwa kilivyoandikwa kwenye boksi. Kwa nini?

Mjomba wa Gerezani
Piga hesabu. 16.5 mara 87 ni kama milimita 1,435, huo ni upana wa SGR, ile reli mpya ya kisasa. TAZARA ni 1,067. Kwa reli hiyohiyo mabehewa yake yawe 1:64.

Baba Nasra (Tabata)
Mjomba, nina mabehewa 6 ya maboksi, yote nimeshapaka rangi.