Testi inapita mara tatu, ya nne inafeli

Chumbageni: Wakuu, niko hapa Tanga tangu alasiri nahangaika na Python, lugha ya kuandikia programu. Nageuza seti ya majina ya samaki kuwa orodha, mara changu katangulia, mara papa, basi testi inayokagua programu yangu mara inapita mara inafeli, na msimbo sijagusa hata herufi! Nataka kuifuta tu.

Mkongwe: Seti haina mpangilio ndugu yangu. Tangu Python 3.3 ya 2012 hashi za maneno (namba ambazo Python hulipa kila neno ili kuliweka kwenye seti) zinabadilika kila ukiwasha programu, ni mambo ya usalama. Jaribu kuwasha na PYTHONHASHSEED=1, kisha 2, kisha 3, hiyo inazifunga hashi zisibadilike, uone ipi inafelisha, kisha tumia sorted(), inayopanga majina kwa mpangilio uleule kila mara.

Raskazone: Usiifute hiyo testi jamani! Testi za Python yenyewe zina chaguo la -F, linalorudia testi mpaka ifeli, mie huiacha usiku kucha.

Chumbageni: Namba 3 inafeli kila saa! Nimeweka sorted, nimerudia mara 50 zote zimepita, asanteni mno.