Yule mwalimu mwenye filimbi amenidhalilisha mbele ya watu

Wakuu, naandika nikiwa bado nimevaa raba na jasho halijakauka. Yule mwalimu wa mazoezi mwenye filimbi, ambaye nyote mnamfahamu na kwa hiyo sina haja ya kumtaja, leo jioni amenikuta kwenye mashine ya kukimbilia, nikienda mwendo ambao hata swala angeomba poo, akanyoosha mkono bila hodi, akashusha kasi kutoka kilomita 10 kwa saa hadi 5, kisha akatamka kwa sauti iliyomfikia mlinzi wa getini: “Mzee wangu, kwa kasi hiyo unachoma ugali wa mchana tu, kitambi hakijaguswa.”

Eti nichukue 220, nitoe miaka yangu 46, nipate 174, ndio kikomo cha mapigo ya moyo wangu kwa dakika, halafu nikikimbia yasizidi asilimia 70 yake, yaani 122, kwani huko ndiko mafuta yanakoungua. Hesabu zake sibishani nazo. Ninachouliza ni kwa nini aguse kitufe changu, tena mbele ya yule dada wa mapokezi, ambaye alicheka hadi akaangusha daftari la mahudhurio. Ugali wa mchana! Na mchana nilikula wali.

Bwana Kiuno: Pole, mleta uzi, ila naona kilichokuuma ni dada wa mapokezi, si kitufe.

Mama Kamba: Mwalimu wako amepatia nusu. Ukitembea, sehemu kubwa ya nishati hutoka kwenye mafuta. Ukikimbia kwa nguvu, wanga ndio unaotangulia, lakini kwa muda uleule jumla ya nishati unayotumia huwa kubwa zaidi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kilokalori 7,700, kwa hiyo muda mliogombania kitufe hamkupunguza hata kijiko.

Mleta uzi: Suala ni kitufe, dada yangu. Kitufe changu.

Jasho la Haki: Afadhali wewe uliyeguswa kitufe. Mimi niliviringishwa nailoni tumboni nikaambiwa mafuta yatatoka na jasho. Nikapungua kilo nzima, nikanywa maji, na kilo ikarudi kabla sijafika kituo cha daladala.

Bwana Kiuno: Hiyo nailoni walikuuzia shilingi ngapi?

Jasho la Haki: Shilingi 15,000, na ni ileile ambayo mke wangu hufungia maandazi.